Barua ya wazi kuhusu mvua ya ndege nyuki mkoani Tabora: tupime kabla ya kununua

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora,
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA),
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA),
Mkurugenzi Mkuu, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

YAH: OMBI KUHUSU MATUMIZI YA NDEGE NYUKI KUPANDIKIZA MAWINGU

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawasilisha kwenu ombi la mkulima wa mahindi na tumbaku wa wilaya ya Urambo, ambaye pia kwa miaka mingi amekuwa akisoma kipima mvua cha shule ya msingi iliyo jirani na shamba lake. Katika mikutano ya vyama vya msingi, minadani, na hata nje ya misikiti na makanisa baada ya ibada, yamekuwapo mazungumzo kwamba mkoa wetu uletewe ndege nyuki, yaani droni, za kupandikiza mawingu, yaani kuyatilia chembe za kemikali au chumvi, ili mvua iongezeke. Ombi langu ni moja: kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, kazi hiyo ipangwe kama jaribio la kisayansi litakalopimwa hadharani, kwa takwimu ambazo mwananchi anaweza kuzisoma na kuzihoji, wala isinunuliwe kama huduma iliyokwisha kuthibitishwa.

Wazo lenyewe si la kubezwa. Wingu linaweza kubeba maji mengi na bado likapita juu ya mashamba bila kudondosha kitu, kwa sababu matone yake ni madogo mno kiasi kwamba hewa inayopanda huyazuia yasianguke. Mwaka 1946 Vincent Schaefer, mtafiti wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, aligundua kwamba barafu kavu ikidondoshwa kwenye ukungu ulio chini ya nyuzi sifuri hugeuza matone hayo kuwa chembe za barafu zinazoweza kukua na kuanguka, na muda si mrefu mwenzake Bernard Vonnegut akaonyesha kwamba moshi wa ayodidi ya fedha, kemikali yenye madini ya fedha, unafanya kazi hiyohiyo. Tangu hapo ndege za kawaida zimetumika katika nchi nyingi. Kilicho kipya ni chombo, kwa kuwa droni inaweza kupelekwa ndani ya wingu linalogandisha mabawa bila kuhatarisha maisha ya rubani. Taasisi ya Desert Research Institute ya Nevada ilirusha droni yenye fataki za kupandikizia mwaka 2016, jimbo la Gansu nchini China likarusha yake mwaka 2021, na magharibi mwa Marekani, katika majimbo kama Utah, droni sasa zinatumika kutafuta nyongeza ya theluji milimani.

Habari hizo za theluji ndizo zinazonukuliwa sana na wenye kuuza teknolojia hii, na ndizo zinazotuhusu kwa uchache zaidi. Januari 2017, katika milima ya jimbo la Idaho, watafiti walifanikiwa kuona kwa rada mistari ya theluji ikizaliwa nyuma ya ndege iliyotawanya ayodidi ya fedha, jambo lililokuwa limesubiriwa tangu siku za Schaefer. Yalikuwa mafanikio ya kweli. Lakini katika tukio la kwanza walilolipima, theluji iliyoanguka kwa muda wa saa moja na ushei, juu ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, ilikuwa na kina cha takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Wenzetu wa Idaho wana sababu ya kuithamini hata hiyo, kwa kuwa theluji hukaa mlimani ikirundikana tangu mwanzo wa majira ya baridi hadi mwisho wake, kisha huyeyuka polepole na kuingia kwenye mabwawa. Sehemu moja ya kumi ya milimita ya mvua ikidondoka Urambo saa nane mchana, itakuwa imekauka kabla mtu hajaianua nguo yake ya pili kwenye kamba.

Kisha kuna suala la kimo. Ayodidi ya fedha huhitaji wingu lililopoa hadi karibu nyuzi 5 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Wakati wa baridi Idaho, hewa ya namna hiyo inagusa vilele vya milima. Kwetu, katika miezi ya mvua, nyuzi sifuri yenyewe iko kwenye kimo cha kati ya mita 4,500 na 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali uwanda wa Tabora uko kwenye mita 1,200 tu. Ndege nyuki italazimika kupanda zaidi ya kilomita nne juu ya mashamba yetu, na wingu itakalolikuta huko ni lile jeusi la radi, ambalo hewa yake hupanda kwa nguvu ya kukirarua chombo chepesi. Atakayekuja na droni ya ayodidi aulizwe kwanza inafika kimo gani ikiwa na mzigo wake, na jibu lake liingizwe kwenye mkataba.

Njia inayoweza kutufaa zaidi ni ya chumvi. Fataki za chumvi laini huwashwa chini ya kitako cha wingu, hewa inayopanda huibeba chumvi ndani, na kila chembe huvuta unyevu ikawa tone kubwa linalomeza matone mengine njiani. Kitako cha wingu la mchana wakati wa masika mara nyingi huwa kilomita moja au mbili juu ya ardhi, na huko droni inafika. Njia hii ilipata nguvu Afrika Kusini, baada ya mtafiti Graeme Mather na wenzake kuona kwamba mawingu yaliyopokea moshi wa kiwanda cha karatasi yalikuwa yakinyesha tofauti na majirani zake. Katika miaka ya 1990 wakaijaribu kwa utaratibu kwa kulinganisha dhoruba 127, karibu nusu zikipandikizwa na nyingine zikiachwa kwa kura. Matokeo yalitia moyo, na kilichoyapa uzito ni zile dhoruba ambazo hawakuzigusa.

Upande wa pili wa hesabu nao lazima usomwe. Israel ilipandikiza mawingu yake ya kaskazini kwa miongo kadhaa, kufuatia majaribio yaliyoanza miaka ya 1960, ikiamini kwamba nyongeza ni kubwa. Ilipofanya jaribio jipya la kura kati ya mwaka 2013 na 2020, nyongeza iliyoonekana ilikuwa chini ya asilimia 2, ndogo kiasi cha kutotofautishwa na bahati, na mpango ukasimamishwa. Ripoti ya GAO, ofisi inayokagua matumizi ya serikali ya Marekani kwa niaba ya Bunge la huko, iliyotolewa Desemba 2024, ilikuta makadirio ya tafiti mbalimbali yakianzia sifuri hadi asilimia 20. Mfanyabiashara atawasomea ile 20. Nawaomba mumwombe awasomee na ile sifuri.

Kwa nini ukweli huu ni mgumu kuupata hata kwa nchi tajiri? Naomba nieleze kwa kifaa ninachokishika kila asubuhi. Kipima mvua chetu ni mtungi wa bati wenye mdomo wa mviringo, umefukiwa sehemu yake ya chini kwenye nyasi fupi nyuma ya madarasa, mbali na mwembe. Saa tatu kamili naitoa chupa ya ndani, namimina maji kwenye bilauri ya vipimo, nainama mpaka jicho langu lilingane na maji, nasoma pale yanapobonyea katikati na kuandika. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza nilisoma milimita 38, na mtaro wa shule ulikuwa bado unatiririka. Nilipovuka reli kwenda kwenye bani la kukaushia tumbaku la shemeji yangu, mwendo mfupi wa baiskeli, nikakuta vumbi likitimka nyuma ya mkokoteni wake wa kuni, naye ananiuliza kwa hasira hiyo mvua iliyonilowesha viatu nimeitoa wapi. Siku ile kama ndege nyuki ingekuwa imepaa upande wa shule, kijiji kizima kingeapa kwamba imeleta mvua. Kama ingepaa upande wa reli, kingeapa kwamba imeifukuza.

Mvua zetu za ngurumo hunyesha kwa viraka, na hapo ndipo penye mtego. Katika mvua ya milimita 20, nyongeza ya asilimia 10 ni milimita 2, na tofauti ya kawaida baina ya vipima viwili vya vijiji jirani ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi, bila mkono wa mtu yeyote. Vivyo hivyo kwa misimu: msimu mmoja ukizidi mwingine, hilo ni jambo la kila miaka michache, na mwenye droni akiwa amefanya kazi katika msimu ulionona, atajitangaza. Video ya wingu likinyesha dakika chache baada ya chombo kupita haithibitishi chochote, kwa sababu mchana huohuo mawingu mengine yasiyoguswa nayo yalinyesha. Nimeonyeshwa video za namna hiyo kwenye simu na watu ninaowaheshimu, na sijaona hata moja inayoonyesha wingu la jirani.

Urambo tuna sababu yetu ya pekee ya kudai vipimo vitangulie. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege, kisha ukapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Matrekta yakafika kabla ya takwimu za kutosha za mvua na udongo, na mradi ulipofutwa mwaka 1951 hasara ilikuwa imefikia takribani pauni milioni 36 za wakati huo. Tumbaku tunayolima leo iliingia kwenye mabaki ya mradi ule. Hata kupandikiza mawingu si kugeni nchini, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1950 Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilifanya majaribio ya kuchochea mvua hapohapo Kongwa. Na wengi wetu tunakumbuka jinsi marehemu Edward Lowassa, alipokuwa Waziri Mkuu, alivyozungumzia kuleta utaalamu wa mvua kutoka Thailand. Kwa kweli kila kizazi cha Watanzania kimeahidiwa mvua ya kutengeneza mara moja, na zamu yetu imekuja na betri.

Sasa, jaribio la kweli litahitaji nini? Kwanza macho. Rada za hali ya hewa zilizo karibu nasi ziko Mwanza na Kigoma, na kutoka huko hadi Tabora mjini ni karibu kilomita 280 na 350 kwa mstari ulionyooka. Kwa kuwa dunia imepinda, mwali wa rada unapofika umbali huo huwa umeshapanda kilomita kadhaa juu ya ardhi, hivyo unaona vichwa vya mawingu marefu na kukosa mvua inayozaliwa chini yake. Bila rada ya karibu, hata ikiwa ndogo ya kuhamishika, na bila vipima mvua vingi zaidi katika shule, zahanati na maghala ya vyama vya msingi, hakutakuwa na wa kushuhudia kama milimita 2 zimeongezeka au la. Napendekeza kwamba katika msimu wa kwanza ndege nyuki zisibebe chumvi hata gramu moja. Zibebe vipima joto, unyevu na upepo, ili tujue mawingu yetu yana nini, kitako chake kiko wapi, na ni siku ngapi katika msimu zinafaa kupandikizwa. Kazi hiyo itakuwa na faida hata kama upandikizaji wenyewe utaonekana hauna maana, kwa sababu TMA itapata takwimu za anga la juu ya Unyamwezi za kuboreshea utabiri.

Msimu unaofuata ndipo kura ianze. Kila siku inayofaa, mtaalamu wa TMA afungue bahasha iliyofungwa tangu mwanzo wa msimu: ikisema ndiyo, ndege nyuki iruke na kuwasha fataki, ikisema hapana, iruke njia ileile bila kuwasha. Wasomaji wa vipima mvua, mimi nikiwamo, tusiambiwe siku ipi ni ipi. Bahasha zikae mikononi mwa chuo kikuu kimojawapo cha umma, mbali na mwenye droni na mbali na wanasiasa wetu wapendwa. Matokeo ya siku zote yachapishwe, na malipo ya mkandarasi yafuate safari zilizorushwa kwa utaratibu, kamwe yasifuate mvua anayodai kuileta, maana wa namna hiyo atadai kila ngurumo ya mkoa kuwa ni yake.

Jambo ninaloliogopa zaidi, hata hivyo, ni lawama. Julai 2025 mafuriko ya mto Guadalupe huko Texas yaliua watu zaidi ya mia moja, na kwa kuwa kampuni moja ilikuwa imepandikiza mawingu kwenye jimbo hilo siku mbili kabla, umma ukaigeukia, ingawa wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba upandikizaji ule mdogo haungeweza kuzalisha maji yale. Mafuriko ya Dubai ya Aprili 2024 yalizua maneno hayohayo, na kituo cha hali ya hewa cha huko kililazimika kukana. Ikiwa hayo yametokea kwao, fikirini hapa kwetu, ambapo ukame ukizidi bado hutafutwa mtu aliyeifunga mvua, na mara nyingi anayetajwa ni bibi kizee asiye na wa kumtetea. Ndege nyuki ikipaa Kaliua na mahindi ya Sikonge yakakauka, nani atawaeleza watu kwamba wingu la Kaliua halikuwa la Sikonge? Wenzetu wa Singida na Shinyanga nao watauliza. Maelezo kwa wananchi lazima yatangulie safari ya kwanza, kwa Kiswahili na Kinyamwezi, na yafanywe na maafisa ugani wanaofahamika vijijini.

Na mvua hiyo ni ya nani, hata ndani ya kijiji kimoja? Mahindi yanapotoa mbelewele yanalilia maji kila siku. Wiki hiyohiyo mwenye tumbaku aliyeanza kuchuma anaomba jua, na anachokiogopa kuliko deni la pembejeo ni mvua ya mawe, ambayo hutoboa majani kwa dakika kumi na kushusha daraja la msimu mzima. Mfugaji nyuki wa Sikonge hataki mvua kubwa miti ya miombo inapochanua, kwa kuwa maua hupukutika na mizinga hubaki mitupu. Mwenye majaruba ya mpunga Nzega au Igunga ataipokea saa yoyote. Leo ugomvi huu haupo kwa sababu hakuna wa kumlaumu kati yetu. Siku serikali itakapoanza kuchagua wingu la kupandikiza, lazima pawepo utaratibu ulioandikwa wa nani anaamua, anamsikiliza nani, na akisababisha hasara inafidiwaje.

Kuhusu kemikali nitasema machache. Viwango vya fedha vilivyopimwa kwenye theluji na maji ya maeneo yaliyopandikizwa kwingineko vimekuwa vidogo sana, na chumvi ni chumvi. Hata hivyo maji mengi ya mkoa huu huelekea mto Malagarasi na mabwawa yake ya asili, kisha Ziwa Tanganyika, ambalo tunalichangia na nchi nyingine tatu, kwa hiyo tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ifanyike kikamilifu, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iwe mezani. TCAA nao waseme mapema njia za ndege za abiria zitalindwaje pale droni itakapopanda kwenye mawingu.

Naomba pia gharama ilinganishwe na njia nyingine kabla ya bajeti kupitishwa. Tabora hupata mvua ya karibu milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Novemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la nyumba ya mita kumi kwa sita hupokea zaidi ya lita 50,000 kila mwaka, na katika kaya nyingi zote hizo huishia kwenye mfereji wa barabarani. Tatizo letu kubwa mara nyingi ni zile wiki mbili tatu za ukavu katikati ya msimu, mwezi wa kwanza au wa pili, ambapo anga huwa jeupe. Hakuna droni inayopandikiza anga jeupe. Upandikizaji huhitaji wingu, na siku zenye mawingu mazuri ndizo ambazo tayari tunanyeshewa. Lambo lililochimbwa vizuri, lenye tuta lisilovuja, linatoa maji katika wiki hizo hasa. Malambo mengi ya mkoa yamejaa tope na yanasubiri kufukuliwa. Na miti ya miombo tunayoikata kukaushia tumbaku, kwenye mabani yanayopoteza moto mwingi kupitia nyufa, nayo ina sehemu yake katika kuhifadhi unyevu wa ardhi hii. Ikiwa fedha za jaribio la ndege nyuki zitatoka kwenye fungu la malambo, basi mimi nasema jaribio lisubiri.

Ikiwa zitatoka kwingine, nitakuwa wa kwanza kuliunga mkono, na daftari la mvua la shule yetu liko tayari kunakiliwa na TMA kama sehemu ya takwimu za kuanzia.

Naomba majibu ya mambo manne: nani atakayetoa kibali cha mwisho, fedha zitatoka fungu gani, nani atakayeshika bahasha, na matokeo yatatangazwa lini. Majibu hayo yatolewe kabla ya TMA kutangaza mwelekeo wa mvua za msimu mwishoni mwa Oktoba, yasomwe kwenye kikao cha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, na nakala zake zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji na vyama vya msingi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na msomaji wa kipima mvua,
Urambo, Tabora.